Simu Ikiita Ugenini, Nani Analipa?

Leo nataka tuzungumzie pesa inayotoka mfukoni bila mwenyewe kuiona ikitoka: gharama ya simu unapovuka mpaka, na gharama ya kumpigia ndugu aliye ng'ambo.

Naanza na swali. Mama mmoja mfanyabiashara wa Moshi yuko Nairobi, mtaa wa Eastleigh, anachagua nguo za kuja kuuza. Laini yake ni ya Tanzania. Mumewe yuko Moshi, anampigia kwa namba ileile ya siku zote. Simu inaita, mama anapokea, wanaongea dakika tano kuhusu mtoto aliyeamka na homa. Nani amelipa?

Wengi tunajibu haraka kwamba amelipa aliyepiga. Mume amelipa kweli, ila amelipa kama anayempigia mtu aliye Moshi, kwa dakika za kifurushi chake cha ndani, kwa sababu yeye hajapiga nje. Kipande cha safari kilichobaki, kutoka Tanzania hadi Eastleigh, kinalipwa na mke. Simu ile ilikwenda kwanza kwenye kampuni yake ya nyumbani. Mtambo ukatazama kwenye kumbukumbu zake, ukakuta laini hii kwa sasa inaonekana Kenya, ukaisukuma simu mpaka Kenya kama simu ya kimataifa. Ni sawa na barua iliyofika kwenye sanduku lako la posta ukiwa safarini, karani akaituma tena huko uliko, na stempu ya pili ukailipia wewe.

Ndiyo maana mtu anarudi safari anasema, "Mimi sikumpigia mtu yeyote, mbona salio limekwisha?" Hakupiga, ila alipokea. Na msafiri hupokea zaidi kuliko anavyopiga, kwa sababu waliobaki nyumbani ndio wenye wasiwasi. Wao ndio wanaouliza umefika, umekula, umelala wapi. Kwa hiyo ukisimama mbele ya wakala wa kampuni ya simu kabla ya safari, bei ya kwanza ya kuuliza ni ya kupokea. Bei ya kupiga ije baadaye. Matangazo hufanya kinyume chake: bei ya kupiga imeandikwa kwa herufi kubwa, na bei ya kupokea, ikiwapo, iko chini kabisa.

Sasa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na kuchanganya huko kunawagharimu. Kuna kupiga nje: wewe umekaa kwako Tanga, sauti yako ndiyo inayosafiri hadi Muscat. Na kuna romingi: wewe mwenyewe umesafiri na laini yako, unatumia mnara wa watu wengine. Hivi ni vifurushi viwili tofauti. Ukinunua dakika za kupiga nje ukiwa Dar es Salaam, kisha ukapanda basi kwenda Kampala, usizihesabu dakika hizo kama za kutumia Kampala mpaka kampuni ikuambie wazi kuwa zinavuka nawe. Na aliyenunua kifurushi cha romingi asidhani kwamba kitampunguzia gharama ya kupiga Uganda akiwa bado Mbeya.

Hata Ulaya, ambako sheria za watumiaji zimekomaa, tofauti hii ilichukua muda kueleweka. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa kwanza wa bei za romingi: senti 49 za euro kwa dakika ya kupiga na senti 24 kwa dakika ya kupokea, kabla ya kodi. Ukomo huo ukaendelea kushushwa mwaka hadi mwaka, mpaka tarehe 15 Juni 2017 ikawa msafiri ndani ya Umoja huo anatumia simu yake kwa bei ya nyumbani. Watu wakafurahi. Lakini mtu aliyekaa zake Berlin akaipiga namba ya Madrid aliendelea kutozwa bei ambayo kampuni yake ilijipangia, kwa sababu yeye hakuwa msafiri. Ilibidi ije sheria nyingine, ya tarehe 15 Mei 2019, iliyoweka ukomo wa senti 19 kwa dakika kwa simu za aina hiyo. Kwa miaka ile miwili ilikuwa afadhali uende Madrid ukapigie huko kuliko kupiga ukiwa nyumbani. Na ndugu zetu mlioko Uingereza mkumbuke kwamba nchi hiyo ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya ilijitoa pia katika ulinzi huo. Baadhi ya kampuni kubwa za huko zilirudisha tozo za romingi mwaka 2022. Anayetoka London kwenda Paris kwa harusi ya binamu yake aulize kwanza.

Turudi kwetu, kwa sababu hapa Afrika Mashariki tuna historia ambayo hatuizungumzi vya kutosha. Septemba 2006, kabla Ulaya haijaweka hata ule ukomo wake wa kwanza, kampuni ya Celtel, iliyoanzishwa na Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan, iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania kuwa kama mmoja. Mteja wa Dar es Salaam akifika Kampala alipokea simu bila kutozwa, alipiga kwa bei ya wenyeji, na salio likiisha alinunua vocha ya Uganda dukani, akaikwangua na kuiingiza kwenye laini yake ya Tanzania. Mwaka uliofuata mpango huo ukaongezewa nchi nyingine, Kongo ikiwemo. Hapakuwa na mfano wake popote duniani wakati huo, na ulianzia hapa, kwa wachuuzi na madereva wetu.

Fikiria maana yake. Kampuni ilikuwa ileile, minara ileile, mpaka uleule. Kilichobadilika ni uamuzi. Walikaa, wakaamua kwamba hawatamtoza msafiri kwa kuvuka Namanga, na tozo ikaondoka siku hiyohiyo.

Baadaye serikali nazo zikaingia. Mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015, Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilianza kutekeleza makubaliano ya kuwa eneo moja la simu. Bei ya kupiga kutoka nchi moja kwenda nyingine ikawekewa ukomo wa senti 10 za Marekani kwa dakika. Kampuni inayopokea simu kwenye mtandao wake ikaruhusiwa kuitoza inayoileta senti 7, isizidi hapo. Na msafiri aliye ndani ya nchi hizo akawa anapokea simu bure. Tanzania na Burundi hazikuwemo katika kundi hilo la mwanzo, na mtu yeyote aliyekuwa akifanya biashara kati ya Arusha na Nairobi miaka ile anajua uchungu wake: mwenzake wa Kampala alizungumza na Nairobi kwa nafasi, yeye akazungumza huku anatazama saa.

Jambo hili naliona zito kwa sababu ujirani wetu umo hata kwenye namba zenyewe. Ukiwa Tanzania, Kenya unaipiga kwa kuanza na 005 na Uganda kwa 006. Wenzetu nao wakitaka Tanzania wanaanza na 007. Mpaka Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, nchi zetu tatu zilihudumiwa na Shirika moja la Posta na Simu la Afrika Mashariki. Sisi si watu wa kuanza kuzoeana leo.

Kuna wanaosema bei za kuvuka mpaka ni kubwa kwa sababu ya gharama za mitambo. Zamani hoja hiyo ilikuwa na ukweli, simu zetu za kwenda mbali zilipokuwa zikipita kwenye satelaiti. Mwaka 2009 waya wa SEACOM ulifika pwani yetu kwa njia ya bahari, na mwaka huohuo ukaja TEAMS, kutoka Fujairah hadi Mombasa. Waya mwembamba kama huo unabeba mazungumzo mengi mno kwa wakati mmoja. Tangu hapo sehemu kubwa ya bei ya kuvuka mpaka ni mapatano ya kampuni na kampuni, na ya serikali na serikali. Makubaliano ya Nairobi, Kampala na Kigali yalilithibitisha hilo mbele ya macho yetu.

Wanaoumia kuliko wote hawasafiri kwenda popote. Hawa ni wakazi wa mpakani.

Nenda Namanga, kule ambako mlima Ol Doinyo Orok unautazama mji wa pande zote mbili. Ingia duka lolote upande wa Tanzania, weka simu yako juu ya kaunta, tazama juu ya kioo lilipoandikwa jina la mtandao. Sasa hivi ni mtandao wa Tanzania. Unasubiri chenji, unainua macho, jina limebadilika: uko kwenye mtandao wa Kenya, na hujanyanyua mguu. Mnara wa upande wa pili umekuwa na nguvu kuliko wa kwako, simu imeukimbilia. Unaingia ujumbe wa kukukaribisha Kenya pamoja na orodha ya bei. Mwenye duka hana habari, anahesabu sukari. Simu yake nayo imehama; data ikiwa wazi na romingi ikiwa imeruhusiwa, picha za magrupu ya WhatsApp zinaanza kuingia kwa bei ya ugenini, na salio la bando lake la mwezi mzima haligusiki, kwa sababu bando lile ni la ndani.

Ndivyo ilivyo pia Tunduma na Nakonde, Mutukula, Kasumulu, Horohoro, Busia kati ya Kenya na Uganda, na kule Goma na Gisenyi ambako barabara moja tu inazitenga nchi mbili. Ukiishi sehemu kama hizi, kinga yako ni ya bure na iko ndani ya simu. Ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya mitandao ya simu, zima romingi ya data. Kisha ondoa ile alama inayoiruhusu simu ijichagulie mtandao, uichagulie wewe mtandao wako wa nyumbani. Mtandao ukiwa dhaifu simu itakosa mawasiliano kwa muda, lakini haitahamia ng'ambo bila ruhusa yako. Kwa mama mzee mwenye kitochi, mjukuu amfanyie kazi hiyo. Hata vitochi vingi vina sehemu ya kuchagua mtandao.

Nasema haya kwa uchungu. Mtu amezaliwa pale, shamba lake liko pale, shangazi yake kaolewa ng'ambo ya barabara. Kumtoza bei ya mtalii kwa sababu mnara umeegemea upande fulani si haki. Mamlaka za mawasiliano za nchi zetu zingeweza kuzilazimisha kampuni ziache kuwatoza watu wa minara hii ya mpakani, na ningependa kulisikia likisemwa hadharani kwenye vikao vya Jumuiya.

Madereva wa malori hawakusubiri vikao. Dereva anayetoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi anapita Tunduma, anaingia Zambia, anatokea Kasumbalesa. Mfungulie pochi yake: nyuma ya leseni utakuta vilaini vimefungwa kwenye kipande cha karatasi ya sigara, kimoja cha Zambia, kimoja cha Kongo. Simu yake inachukua laini mbili. Laini ya Tanzania haitoki. Imezimwa data, imebaki kwa ajili ya SMS, kwa kuwa kwa kawaida kupokea SMS ukiwa kwenye romingi hakutozwi. Huko ndiko inakoingia namba ya siri ya benki, na ujumbe wa tajiri: "Umevuka?" Laini ya pili inabadilishwa kila mpaka, na hiyo ndiyo ya kupigia na ya intaneti. WhatsApp yake inaendelea na namba ileile ya Tanzania hata kama intaneti inatoka laini ya Zambia, kwa hiyo mke na watoto hawaoni tofauti yoyote. Kijana anayejifunza udereva akimuuliza, "Mzee, kwa nini usiweke romingi?" anajibiwa, "Mwanangu, romingi ni ya mtu anayekwenda na kurudi. Sisi huku tunaishi."

Jibu hilo lina hesabu ndani yake. Ukikaa siku moja au mbili, usumbufu wa kusajili laini ya ugenini kwa pasipoti, kupanga foleni, na kuwapa watu namba mpya haukulipi. Ukikaa wiki mbili, laini ya mwenyeji karibu kila mara itakuwa nafuu. Katikati ya hapo ndipo vifurushi vinapoanza kushindana, na ndipo kalamu inapohitajika.

Chukua kalamu, basi. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, nimezitunga ili tuone hesabu inavyokwenda. Kifurushi cha kwanza ni shilingi 20,000 kwa siku saba: dakika 30 za kupiga, MB 500 za intaneti, na kupokea hakumo. Cha pili ni shilingi 30,000 kwa siku hizohizo saba: dakika 20 za kupiga, dakika 40 za kupokea, na GB 1. Ukitazama bei ya juu, cha kwanza kinakuokolea 10,000. Sasa jiulize utapokea dakika ngapi. Nyumbani wakikupigia mara moja kwa siku mkaongea dakika tano au sita, kwa wiki ni kama dakika 40. Nje ya kifurushi dakika ya kupokea tuseme ni shilingi 500. Arobaini mara mia tano ni 20,000. Kifurushi cha kwanza kimekuwa shilingi 40,000, na intaneti yake ni nusu ya mwenzake.

Uliza pia wanavyohesabu muda. Kampuni inayotoza kwa sekunde na inayotoza kwa dakika nzima hazilingani hata kama bei ya dakika ni moja. Mazungumzo ya dakika moja na sekunde tano, kwa anayetoza dakika nzima, ni dakika mbili. Na sisi salamu zetu ni ndefu, wala hatuwezi kuzikata. Huwezi kumpigia mama ukaanza na shida yako. Ni shikamoo mama, marahaba mwanangu, hujambo, watoto hawajambo, baba yao je, kazi inaendeleaje, namshukuru Mungu. Mpaka mmefika kwenye shida, dakika mbili zimekwisha kwa heshima. Heshima hiyo ni yetu na ibaki. Basi nunua kifurushi kinachoiruhusu, chenye dakika nyingi na kinachohesabu kwa sekunde.

Halafu soma orodha ya nchi. Kifurushi cha "Afrika Mashariki" cha kampuni moja kinaweza kuwa na Kenya na Uganda pekee, Burundi na Kongo zikakosekana. Uliza siku saba zinaanza kuhesabiwa ulipolipa au ulipovuka. Uliza dakika za kupiga ni za kupiga nyumbani tu, au hata kumpigia mwenyeji wa pale ulipo. Wengi hugundua wamefika Kigali na hawawezi kumpigia mwenye nyumba ya wageni aliye mtaa wa pili.

Kwa ndugu zangu wa Kariakoo mnaokwenda Guangzhou, hapa kuna jambo ambalo bei peke yake haiwezi kuwaonyesha. Laini ya Kichina ni nafuu na intaneti yake ina kasi, lakini ukiiweka WhatsApp haifunguki, wala Google, wala Facebook, kwa sababu zimefungwa huko. Mteja wako wa Mtaa wa Kongo anasubiri picha ya viatu na wewe huna pa kumtumia. Laini yako ya Tanzania ikiwa kwenye romingi, mambo yanakuwa mengine. Intaneti ya romingi kwa kawaida hurudishwa kwanza kwenye kampuni ya nyumbani, ndipo itoke kwenda duniani. Kwa hiyo uko zako Xiaobei, umezungukwa na maduka, lakini kwa upande wa intaneti ni kama uko Dar es Salaam, na WhatsApp inafunguka. Inakwenda taratibu kwa sababu ya huo mzunguko, na ni ghali. Wenye uzoefu huchukua kifurushi kidogo cha romingi kwa ajili ya picha na maelekezo ya wateja, na kazi nyingine zote, ramani, WeChat na kupatana na wenye viwanda, wanazifanya kwa laini ya Kichina au kwa Wi-Fi ya hoteli. Mtu akikushauri tu kwamba "laini ya wenyeji ni nafuu," uliza kwanza inafungua nini.

Sasa nizungumze na walio Ghuba, na hasa dada zetu wanaofanya kazi za ndani Muscat, Dubai na Doha, na wazazi wao waliobaki Unguja, Tanga, Singida, Mombasa. Huku wengi tumezoea kuona simu ya WhatsApp kama haki ya kila mwenye bando. Falme za Kiarabu kwa miaka mingi zimeizuia simu ya sauti ya WhatsApp. Ujumbe unapita, sauti ya moja kwa moja haipiti, na watu huelekezwa kwenye programu zilizopewa leseni, kama BOTIM. Nazo zinataka mama wa huku awe na simu janja, awe na bando, ajue kuipakua. Mama ana kitochi. Inabaki njia ya kawaida, namba kwa namba, na hapo binti analipa.

Anaponunua kifurushi cha kupiga nje atazame kwa makini, kwa sababu vingi vya huko vimejengwa kwa ajili ya India, Pakistan, Bangladesh na Ufilipino, ambako wafanyakazi wengi wanatoka. Tangazo linasema dakika mia za kimataifa, na Tanzania au Kenya haimo kwenye orodha. Akipiga, anakatwa bei ya kawaida, nje ya kifurushi, wakati kifurushi chake kimekaa tu.

Na sehemu ya bei hiyo inatoka kwetu sisi wenyewe. Kila simu ya kutoka nje inapoingia nchini, kampuni ya hapa inalipwa kwa kuipokea na kuifikisha. Kanuni za mwaka 2013 za Tanzania ziliweka kiwango cha chini cha malipo hayo kuwa senti 25 za Marekani kwa dakika, na sehemu yake ikaingia serikalini. Maana yake, kwa kiwango kile, dakika kumi za binti kuongea na mama yake zilibeba dola mbili na nusu za kuingilia tu, kabla kampuni ya kule haijaweka faida yake. Naelewa kwamba nchi inahitaji mapato na kwamba mitambo ya kuzuia wizi wa simu inataka fedha. Lakini anayelipa ni msichana anayefua nguo za watu wengine, naye kila mwezi tayari anatuma pesa nyumbani. Kumtoza tena ili asikie sauti ya mama yake ni kumpa mzigo mara mbili, na sioni aibu kusema kwamba napinga.

Kiwango kikiwa kikubwa hivyo, wizi nao unastawi. Mama yuko jikoni, simu inaita, inaonekana namba ya hapahapa nchini asiyoifahamu. Anasita. Anapokea, anasikia sauti ya mwanawe aliye Dubai. Simu ile haikuingia kwa mlango halali: imesafirishwa kwa intaneti, ikapitishwa kwenye kifaa kinachoitwa simboksi, kilichojazwa laini za ndani, kikaigeuza kuwa simu ya ndani ya bei rahisi. Serikali haikupata mgawo wake, kampuni ilipata bei ya simu ya ndani tu, sauti imekwaruza, na mama akipiga tena namba ileile hapati mtu. Wanaokamatwa na vifaa hivyo wanashitakiwa, na ni sawa. Kushusha kiwango kungewaondolea faida haraka zaidi kuliko msako.

Wazazi, akija kijana nyumbani na simu janja, mtumie kupanga siku na saa maalumu ya mazungumzo. Simu ya sauti ya WhatsApp hula takribani nusu MB hadi MB moja kwa dakika, kwa hiyo bando dogo kabisa la siku linatosha mazungumzo marefu. Ya video ndiyo inayokula mara kadhaa ya hapo. Binti aliye Oman au Saudia aulize kwa wenzake njia ipi inapita kwa sasa, kwa sababu masharti ya huko hubadilika.

Nimalizie na ujumbe wa sauti unaoachiwa usipopokea simu, kwa sababu wengi hawajui kwamba nao unakula salio ukiwa safarini. Uko Kampala, simu inaita, hukuipokea. Kampuni ilikuwa imeshaisukuma kutoka nyumbani hadi Uganda. Usipopokea inageuzwa, inarudishwa Tanzania kwenye kisanduku cha kuhifadhi ujumbe. Hizo ni safari mbili za kimataifa, kwenda na kurudi, na zote zinaweza kuandikwa kwenye laini yako hata kama hukugusa simu. Kabla hujapanda basi, ukiwa bado kwenye mtandao wako wa nyumbani, bonyeza reli mara mbili, sifuri, sifuri, mbili, reli, kisha kitufe cha kupiga: ##002#. Amri hiyo inafuta simu zote zilizowekwa kuelekezwa kwingine, na kioo kitakuonyesha kwamba imekubaliwa. Tangu hapo simu usiyoipokea ukiwa Kampala itaita mpaka ikatike yenyewe, bila kumdai mtu.